Klemens, Kamba Yake na Shayiri ya Alojzy

Mume wangu Klemens alikuwa mtu wa klabu ya ndege tangu ujana wake mpaka kufa kwake, na hakuwahi kurusha ndege hata mara moja. Alipokuwa kijana, daktari alimpima macho, akamwambia jicho lake la kushoto linafaa kutazama supu, si mawingu. Klemens akarudi uwanjani, akaketi kwenye nyasi, akauliza kuna kazi gani ya mtu mwenye jicho moja na nusu. Wakampa tela.

Klabu yetu inarusha glaida, yaani ndege zisizo na injini. Huvutwa juu kwa kamba, zikiachiliwa hutafuta hewa ya joto inayopanda, sawasawa na wafanyavyo korongo wetu wakati wa kiangazi. Hewa ikigoma, rubani hutua popote palipo tambarare, kwenye malisho au kwenye shamba la viazi la mtu asiyemjua. Hakuna aibu katika hilo. Ndipo mwenye tela hupigiwa simu, akaenda na gari, wakachomoa mabawa, wakaipakia glaida na kuirudisha nyumbani. Jioni rubani huwalisha wote waliomfuata. Ndiyo desturi, na Klemens aliipenda desturi hiyo kuliko sheria zote za anga.

Lakini kila shamba lina mwenyewe, na mwenye shamba ndiye aliyekuwa kazi halisi ya Klemens. Ndani ya tela aliweka shati safi, chupa ya pombe ya cheri ninayoitengeneza mimi, na kamba ndefu yenye vibendera vyekundu nilivyovishona kutoka kwenye pazia kuukuu. Akifika shambani kitu cha kwanza kilikuwa kamba. Aliizungusha pande zote za ndege kabla hata ya kumuuliza rubani kama yu mzima. Watu walimcheka, naye aliwajibu vilevile kila siku: glaida ikitua hulaza mstari mmoja wa mazao, kijiji kikija kuitazama hulaza shamba zima, na bima hulipa mstari.

Wanachama wapya aliwafundisha hayo akiwa ameketi kwenye chuma cha tela, kofia magotini.

"Ndege ni ya klabu," alisema, "kwa hiyo ikimwangukia mtu kuku wake, mwenye kuku anaidai klabu, na klabu inaiita bima yake ya dhima. Hiyo ni kwa ajili ya watu walio chini na mali zao. Ndege yenyewe ina bima nyingine, na humo kuna kipande cha hasara ambacho wewe uliyeivunja unakibeba mwenyewe, ili siku nyingine uivunje kwa heshima."

"Na mguu wangu je, Mzee Klemens?" akauliza mmoja.

"Mguu wako una bima yake, ile uliyokatiwa ulipojiunga. Hukusoma?"

"Nilitia sahihi tu."

"Basi angalau mguu wako unajua kusoma kuliko wewe. Sasa sikiliza. Cheti chako cha daktari kikiwa kimekwisha jana na ukaruka leo, bima itamlipa mwenye kuku kwa upole wote, halafu itageuka ikutafute wewe. Bima ni kama malaika mlinzi. Hailindi ujinga."

Mtu akicheka, Klemens alishusha sauti, maana hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe. Ukimkuta mwenye shamba, alisema, mpe salamu, muulize hali ya ng'ombe, mpe jina la kampuni ya bima. Usikiri kosa, usiahidi kulipa. Kampuni haifungwi na ahadi ya mdomo wako. Ukiahidi shamba zima nao wakaona wanadaiwa robo, zile robo tatu ni zako.

Alilifundisha somo hilo vizuri kabisa, na yeye mwenyewe hakuliweza. Klemens alikwenda kuungama kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na katikati ya mwezi aliungama kwa yeyote aliyekuwa karibu. Mtu akimkanyaga dukani, yeye ndiye aliyeomba radhi. Niliwahi kumwambia kwamba siku ya hukumu atakiri dhambi za wenzake wote waliosimama kwenye foleni. Akasema la, za wenzake hagusi. Neno hilo nililikumbuka baadaye.

Katika klabu kulikuwa na msichana aitwaye Sabina, muuza mikate mjini. Fedha za kurukia hakuwa nazo, kwa hiyo aliosha ndege, akafagia banda, akapaka rangi uzio, na kwa kazi hizo klabu ilimpa saa zake za angani. Alikuwa na maneno makali na mikono iliyonukia hamira. Klemens alimpenda kama binti, nami pia, ingawa alikuwa akinisahihisha jinsi ya kuchachusha unga. Kiangazi kile alikuwa anajaribu safari yake ya kwanza ya mbali, ile inayompa rubani beji.

Siku yenye hewa nzuri iliangukia Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Asubuhi parokia yetu ilifanya maandamano kama kawaida, na altare moja kati ya nne ilikuwa mbele ya nyumba yetu. Matawi ya miti ya mibetula yaliyoipamba yaliyumba kwa upepo. Klemens akatafuta kitu cha kuyafungia, akakumbuka kamba yake.

"Si ya tela hiyo?" nikamuuliza.

"Leo inamfanyia kazi mwenye ndege zote," akasema, na matawi yakasimama imara, vibendera vyekundu vikipepea mbele ya Ekaristi. Nakiri palipendeza.

Mchana Sabina akaruka. Sisi tukamfuata barabarani na tela, mimi nikiwa bado na nguo za kanisani, Klemens akitazama juu zaidi ya alivyotazama mbele. Tulipokaribia kijiji cha Jaworek tukamwona ameshuka sana, anazunguka na hapati kitu. Akanyoosha ndege, akapita juu ya paa la zizi, akatua katika shayiri. Alitua vizuri. Hata jicho la supu liliona kwamba ametua vizuri.

Sasa Jaworek haina padri wake. Padri hutoka parokia ya jirani, kwa hiyo maandamano yao huwa mchana. Tulipotokea kwenye kona tuliyaona yako njiani kando ya shamba: wasichana wenye maua, kengele, bendi, na padri mzee aliyeshika monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, chini ya hema la kitambaa linalobebwa na wanaume wanne, kila mmoja na mti wake. Watu waliona ndege imezama ndani ya shayiri, wasiione tena. Aliyeshika mti wa mbele kushoto akageuka, akaingia shambani mbio.

Ukishika hema pamoja na wenzako watatu, mmoja akikimbia, wote mnakimbia. Hema likaingia katika shayiri, padri akaingia nalo kwa kuwa hakuweza kuiacha Ekaristi juani, wasichana wa maua wakamfuata padri kama walivyofundishwa, na bendi ikawafuata wasichana. Nyuma yao kijiji kizima. Tarumbeta ilikuwa bado inalia.

Sisi tukaacha gari tukaingia pia. Kabla ya kuingia Klemens alifungua tela, akapeleka mkono mahali pa kamba, akabaki ameushika ukuta.

Tulipofika, Sabina alikuwa amesimama kando ya ndege anakula mkate wenye jibini. "Sina hata mkwaruzo," alikuwa anawaambia watu. "Msiguse bawa, tafadhali. Mama, mtoe mtoto kwenye bawa." Padri, kwa kukosa jambo jingine la kufanya, akainua monstransi akatubariki. Tukapiga magoti wote palepale, tukaongeza hasara kwa magoti.

Baada ya hapo mwenye mti wa mbele kushoto akamkabidhi jirani mti wake, akaja kwetu. Alikuwa mtu mnene, uso mwekundu, tai imepinda. Jina lake Alojzy.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema Klemens.

"Milele na milele. Shayiri ni yangu."

"Ni shayiri nzuri."

"Ilikuwa. Itazame sasa. Nani atajibu hili?"

Nikamkanyaga Klemens mguu. Sabina akakohoa. Klemens alilitazama shamba lililolala kana kwamba tembo wamecheza ngoma, akaufikiria ukuta mtupu wa tela, akajipiga kifuani taratibu kama tufanyavyo mwanzoni mwa Misa.

"Nimekosa mimi," akasema. "Ni sisi tuliotua, na mimi sikuja na kamba. Shayiri yako yote italipwa."

"Yote?"

"Yote."

Njiani kurudi Sabina akauliza kutoka kiti cha nyuma, "Mzee Klemens, lile somo la usikiri kosa, ni kwa wanafunzi tu?"

"Nilisikia kengele," akasema Klemens. "Kengele ikilia siwezi kusema uongo."

"Hukuambiwa useme uongo. Uliambiwa uulize hali ya ng'ombe."

Mwenyekiti wa klabu, Bwana Rajmund, alikuwa mtu mwema na alisikitika kweli, lakini sheria ya klabu ni fupi. Kile ambacho bima haikubali kukibeba humwangukia rubani aliyetua, na mpaka jambo limalizike rubani huyo haruki. Klemens akasema ahadi ni yake, si ya Sabina. Bwana Rajmund akasema, "Klemens, ndugu yangu, pensheni yako ya reli itanunua shayiri ya kuku wawili. Na yeye ndiye mwenye jina kwenye safari." Sabina akavua funguo za banda, akaziweka mezani. Alisema atarudi mikate ikianza kupaa yenyewe.

Jioni ile nilikuwa namenya viazi, na nilivimenya kwa hasira.

"Wewe umeona nilichoona," nikamwambia. "Yule Alojzy ndiye aliyeliongoza hema. Yeye mwenyewe ndiye aliyekipeleka kijiji ndani ya shamba lake. Mwambie mkadiriaji wa bima atakapokuja, mtoto wa watu arudi angani."

"Hiyo ni ya Alojzy kusema."

"Na asiposema?"

"Genia, nikikaa kwenye kiti cha kuungama nikaanza kueleza ya jirani, padri atanifukuza."

"Mkadiriaji si padri."

"Ndiyo maana nataka kuwa mwangalifu zaidi," akasema, akachukua kisu akanisaidia viazi. Nilisali rozari nzima usiku ule nikiomba Mungu amlegeze ulimi, kisha nikaongeza fumbo moja nikiomba msamaha kwa sala ya namna hiyo. Tuna sanamu ya Bikira Maria wa Loreto, msimamizi wa marubani, kwa kuwa malaika waliibeba nyumba yake wakapita nayo juu ya bahari. Nilimwambia kwamba nyumba yake nayo ilitua kwenye kiwanja cha mtu, kwa hiyo anajua hali yetu.

Mkadiriaji alikuja Jaworek wiki iliyofuata. Alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya mvua na sauti ya mwalimu, na aliijua kazi yake. Alipita shambani kwa hatua ndefu, akaonyesha kwa kidole. Huu hapa mstari wa ndege, mwembamba na ulionyooka. Hii njia pana inayotoka barabarani mpaka kwenye mstari. Na huku pembeni, mduara mkubwa wa watu waliosimama na kuzunguka.

"Mstari ni wetu bila maneno," akasema. "Mduara ni wa watazamaji. Ndege haikumwita mtu kuitazama. Lakini hii njia pana siielewi. Watazamaji huja kutoka kila upande kama mchwa. Hawa wamekuja kwa safu. Kuna mtu anajua?"

Tulikuwa wengi pale. Alojzy alikuwepo akitafuna bua la shayiri, na wenzake watatu wa hema walikuwa wameegemea uzio. Wote wakatazama viatu vyao. Nikamtazama Klemens. Midomo yangu ilikuwa imejaa maneno, nikaifunga kwa rozari.

"Mimi nina la kusema," akasema Klemens.

Alojzy akaacha kutafuna.

"Nimeambiwa na kampuni yenu kila mwaka nisikiri wala nisiahidi, nami huwafundisha watu hivyo. Siku ile nilikiri, tena niliahidi, na sikuwa na ruhusa. Kamba ya kuzuia watu niliifunga kwenye altare nyumbani. Yule binti alitua kama inavyotakiwa. Basi ukiandika, niandike mimi."

"Ni hayo tu?" akauliza mama wa bima.

"Yangu ni hayo tu."

Mama yule akaandika. Ng'ombe mmoja akalia. Alojzy akatema bua.

"Mti wa mbele kushoto," akasema.

"Samahani?"

"Wa hema. Ulikuwa mikononi mwangu."

Mmoja wa wenzake kwenye uzio akasema, "Afadhali umesema mwenyewe, Alojzy. Sisi mabega bado yanauma."

"Mngeachia."

"Tumwachie nani padri? Alikuwa anauliza, 'Alojzy, tunakwenda wapi, Alojzy, tunakwenda wapi,' na wewe hata hugeuki."

"Nilidhani imeanguka," Alojzy akamwambia mama wa bima, na uso wake ukawa mwekundu zaidi. "Niliona bawa linazama. Nilidhani kuna mtu anakufa mle ndani, na padri ninaye hapa nyuma yangu na Ekaristi, nikaona nimpeleke. Nafika, mtu mwenyewe anakula mkate." Akavuta pumzi. "Mbele ya kijiji kizima. Ndipo nikaikumbuka shayiri."

Mama wa bima aliacha kuandika, akamtazama vizuri.

"Kwa hiyo hukuja kutazama. Ulikuja kuokoa."

"Nilikuja na padri."

"Bwana Alojzy, hilo ni jambo jingine kabisa. Ndege ikitua hivyo, mtu wa kawaida akadhani kuna ajali na akakimbilia kuokoa uhai, hasara ya kukimbilia kwake inatokana na kutua kwenyewe. Nitapendekeza njia hii pana iende pamoja na mstari. Uamuzi ni wa ofisi, lakini sijaona wakikataa la namna hii. Kwa nini hukulisema tangu mwanzo?"

Alojzy alifikiri. "Mzee huyu alisema kosa ni lake kabla sijafungua mdomo. Ingekuwaje niseme na la kwangu?"

"Kuna nafasi," akasema Klemens.

Ukabaki mduara, na mduara haukuwa wa bima, haukuwa wa Sabina. Ulikuwa wa wale waliokuja kutazama, na mimi hapo sijitoi. Jumapili padri mzee alisimama mimbarini akasema yeye mwenyewe aliikanyaga shayiri ya Alojzy akiwa na viatu vya sikukuu, na kwamba wakati wa mavuno atakwenda kuinua mabua yaliyolala ili mashine iyakate, na asingependa kuwa peke yake. Walikwenda wengi kuliko waliohitajika. Bendi ilikuja na chakula chake. Klemens alimfuata Alojzy mbele ya watu wote, akamwambia, "Niliahidi yote. Limebaki lolote?" Alojzy akamwambia limebaki jambo la chupa ya cheri, ambayo siku ile haikufunguliwa.

Jibu la ofisi lilikuja kama mama yule alivyosema. Bwana Rajmund alizipeleka funguo za banda dukani kwa Sabina mwenyewe, akasimama kwenye foleni ya mikate ili amkabidhi. Sabina akazipokea, akamwuzia mkate wa jana. Jumamosi ile aliruka, na kabla ya majani kuanza kudondoka alipata beji yake. Desturi ikamlazimu kutulisha. Alioka keki ya mbegu za mipopi yenye urefu wa meza, akatualika sisi na watu wa Jaworek, na juu yake alichora kwa sukari kamba na vibendera vidogo. Klemens alikula vibendera tu, akasema ni adhabu yake ya toba.

Kamba yenyewe haikutoka tena kwenye tela ila kwa kazi ya shambani. Kila Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo nilimnunulia nyingine ya altare, nikaikabidhi mikononi mwake mwenyewe.

Mungu alimwita mwezi wa Februari, theluji ikiwa bado makaburini. Moyo ulisimama akiwa anafunga kiatu, na padri aliwahi kumpaka mafuta matakatifu, jambo ninalomshukuru Mungu kila asubuhi. Sikujua nyumba inaweza kuwa kimya hivi. Hakuna anayeniomba radhi kwa kosa nililofanya mimi. Nimeanza kujiomba radhi mwenyewe, na haifanani.

Siku ya mazishi Sabina ndiye aliyeendesha gari lililobeba maua, na alikuja nayo ndani ya tela, kwa kuwa alisema Klemens asingependa kufuatwa na kitu kingine. Wabebaji wa jeneza walikuwa wa klabu, lakini mlangoni pa kanisa alitokea mtu mnene mwenye tai iliyopinda, akamgusa bega kijana wa mbele kushoto.

"Niachie hapo," Alojzy akasema. "Hapo ndipo mahali pangu."

Njia ya makaburini kwetu inapinda kuzunguka shamba la mtu. Tulipofika penye kona, nikamsikia mwenzake wa kulia akimnong'oneza, "Barabara, Alojzy. Fuata barabara." Nikacheka ndani ya shela langu jeusi, mabega yakitikisika, na wanawake wakanishika mikono wakidhani nimezidiwa. Alojzy aliifuata barabara hatua kwa hatua mpaka mwisho, na mume wangu akafika bila kumlazia mtu hata bua moja.